Sista na Jiwe la Msingi

Sista alikuwa na tabia ya kuijibu redio. Siyo kuguna tu au kutikisa kichwa kama watu wengine. Aliijibu kwa sentensi nzima, na akimaliza alisubiri, kana kwamba waziri anayesoma bajeti kule Dodoma atanyamaza kidogo atafakari. Mimi nilikuwa jirani yake. Kati ya nyumba yake na yangu kulikuwa na migomba na kamba ya kuanikia nguo, basi kila mwezi wa sita nilisikia bajeti mbili kwa pamoja, ya serikali na ya Sista.

"Fedha zimetengwa kwa ajili ya kuboresha huduma za jamii," redio inasema.

"Zimetengwa?" Sista anadakia huku anakoroga mboga. "Zimefanya dhambi gani? Kwetu kanisani mtu akitengwa anaitwa mbele, anatubu, anarudishwa kundini. Hizi zenu zikishatengwa mbona hatuzioni tena?"

Redio inaendelea. Sista anashusha sufuria, ananiita kupitia kwenye migomba: "Umesikia? Amenikimbia huyo. Ameingia kwenye mifugo."

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi wa zahanati yetu mpaka alipostaafu, na jina likakataa kustaafu naye. Kijiji chetu kiko Kyela, kati ya Ngonga na ziwa, mahali ambapo masika yakikolea huwezi kujua barabara inaishia wapi na majaruba ya mpunga yanaanzia wapi. Nusu ya watu wa hapa walipokelewa duniani na mikono yake, na alikuwa hasiti kuwakumbusha. Mwenyekiti wa kijiji akianza kufoka mkutanoni, Sista alimwambia taratibu, "Punguza sauti, baba. Hata siku ya kwanza ulilia hivyohivyo na hakukuwa na sababu."

Alikuwa mrefu, mkavu, na hatua zake zilikuwa za mtu anayeitwa. Miwani aliining'iniza shingoni kwa uzi wa kufumia. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwetu; alisema "selikali" maisha yake yote, na akikasirika sana Kiswahili kilimwishia, akahamia Kinyakyusa, na hapo ndipo watu walipoanza kutafuta njia ya kutokea.

Maneno ya wakubwa aliyapenda kama watu wengine wanavyopenda peremende. Akirudi mkutanoni na neno jipya alilitafuna wiki nzima. Walipokuja kutuambia kwamba daraja letu liko kwenye upembuzi yakinifu, aliwauliza wanawake waliokuwa wameketi chini, "Jamani, ninyi si ndio wataalamu wa kupembua? Mkikaa na ungo kuanzia asubuhi, jioni si mna mchele?" Wanawake wakaitika kwamba ndiyo. "Sasa hawa ungo wao una nini? Mchele hatuuoni, hata pumba hazijaturukia machoni." Yule mhandisi kijana aliyeleta habari akacheka mwenyewe.

Magari nayo aliyasoma. Siku moja lilikuja gari kubwa jeupe, na nyuma yake jingine, wakashuka watu wakaingia zahanati, wakaandika, wakatoka. Walikuwa wamekuja kuthibitisha kwamba hatuna glavu. Sista, aliyekuwa ameshastaafu lakini hajaacha kupita pale kila asubuhi, aliwasindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote. "Ndaga fijo," aliwashukuru. "Mafuta mliyochoma kuja kuziangalia glavu zisizokuwepo yangetosha kuzinunua. Ila mngekosa safari, na safari nayo ni afya." Hakuna aliyejua kama anatania. Dereva peke yake ndiye aliyeinamia usukani, mabega yanatikisika.

Mtu anayemsikia kwa mbali angedhani alikuwa anaichukia serikali. Sivyo. Ilikuwa ni kama mama anayemsema mwanawe mbele yako. Ole wako wewe umsaidie kumsema. Mdogo wake aliolewa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, na shemeji yake alikuwa akija mara kwa mara, mzee mcheshi mwenye tumbo. Siku moja akiwa kibarazani kwa Sista, suruali imejaa tope mpaka magotini, akasema, "Shemeji, barabara zenu nyinyi Watanzania ni za kuvulia samaki." Nilikuwa nachambua mboga upande wangu. Nilisikia kiti kikisogezwa. Sista alimpa yule mzee somo refu. Alimweleza chanjo zilivyofuta surua ambayo yeye mwenyewe aliizikia watoto alipoanza kazi. Alimweleza umeme, shule iliyojengwa, wasichana wanaosoma bila kurudishwa nyumbani. Shemeji akainua mikono kujisalimisha. Alipoondoka, Sista alikuja kwenye kamba ya nguo akaniambia kwa sauti ya chini, "Barabara yenyewe mbovu kweli. Lakini ni mbovu yetu."

Na hapo kwenye mpaka ndipo alipokuwa na kona yake ambayo hakupenda iangaliwe. Huyu Sista, aliyekataa kutoka dukani Bondeni, kule mjini, bila risiti hata akinunua sindano za kushonea, aliyewaambia wenye maduka, "Usiponipa risiti, barabara itajengwa kwa mate?", alikuwa na ugonjwa wa vitenge vya Malawi. Alikwenda kumsalimia mdogo wake akiwa mwembamba kama mwiko na kurudi akiwa mnene. Alivivaa vyote, kimoja juu ya kingine, na joto lote lile la Kyela. Siku moja nilisafiri naye. Pale mpakani afisa mmoja kijana alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Bibi, asubuhi si nilikuona unavuka? Mbona umenenepa ghafla?"

"Mdogo wangu anapika vizuri," Sista alimjibu, jasho linamtiririka. "Na wewe nikuombee kwa Mungu upate mke wa namna hiyo."

Tulipofika mbali nilimuuliza kuhusu kodi na ile barabara ya mate. Alitembea, vitenge vinapiga kelele, kisha akasema, "Mimi sivushi bidhaa. Mimi nimevaa." Na kwa siku kadhaa hakunisalimia vizuri.

Sasa nisimulie habari ya jiwe, maana hata watu wasiomjua Sista wamelisikia.

Kipindi fulani cha kukaribia uchaguzi, alikuja mheshimiwa mmoja kuweka jiwe la msingi la wodi ya wazazi, kando ya zahanati. Zahanati yetu ilikuwa na chumba kimoja cha kujifungulia, chini ya usawa wa njia, na masika maji yaliingia humo bila hodi. Kwa hiyo tulifurahi sana. Tulicheza ngoma, tukapiga vigelegele. Jiwe lilikuwa zuri, lina bamba linalong'aa lenye jina la mheshimiwa. Magari yakaondoka. Jiwe likabaki.

Likabaki, likabaki. Watu wakaanza kufungia mbuzi pale. Watoto wa darasa la kwanza walijifunzia kusoma kwenye lile bamba, wakawa wanajua "limewekwa na mheshimiwa" kabla hawajajua "baba ana kuku". Sista kila akipita alilipapasa. "Hili ndilo jengo pekee la umma hapa ambalo halivuji," alituambia. "Halina paa la kuvuja."

Halafu mwaka mmoja akatangaza kwamba atalifanyia sherehe ya kuzaliwa.

Tulidhani ni maneno. Kumbe ameshazungumza na kwaya, ameshachangisha mchele, na samaki wakubwa aina ya mbasa wameshaagizwa ziwani. Kijana aliyekuwa mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni, amehamia kwetu karibuni kutoka mbali, mpole, mwenye koti moja la bluu alilolitunza kwa ajili ya shughuli. Sista alimwendea ofisini akamwambia, "Mwanangu, tuna hafla ndogo ya maendeleo. Tungependa wewe ndiye uwe mgeni rasmi." Kijana wa watu alikuwa hajawahi kuwa mgeni rasmi popote. Akalipiga pasi lile koti.

Siku yenyewe jiwe lilikuwa limeoshwa kwa sabuni na kuvishwa kitenge kipya, na msishangae kilikotoka. Kwaya ikaimba. Sista akasimama mbele, miwani puani, futi ya fundi cherehani mkononi.

"Ndugu mgeni rasmi," alianza, "mtoto wetu huyu alizaliwa mbele ya macho yetu sote. Tunamshukuru Mungu, hajaugua. Hajatusumbua kwa kulia. Tatizo letu ni moja." Akainama, akalipima jiwe kwa futi, polepole, kwa uso uleule aliokuwa akipimia watoto wetu kliniki. "Hajarefuka. Mtoto wa umri huu alitakiwa awe na kuta. Wenzake wa vijiji vingine wameshaota mabati."

Watu walianguka kwa kicheko. Namaanisha walianguka kweli. Mama mmoja aliketi kwenye sinia la ndizi. Mtendaji alikuwa ameshaelewa, lakini mtu akishakuwa mgeni rasmi hawezi kukimbia. Keki ikaletwa. Akaambiwa amlishe mtoto. Akakata kipande, akakiweka juu ya jiwe, huku kwaya inaimba na simu zimeinuliwa juu.

Zile simu ndizo zilizoharibu. Kabla vyombo havijaoshwa video ilikuwa imefika mjini, na ilipofika mjini ilipanda ikafika kwa wakubwa. Haikumwonyesha Sista vizuri. Ilimwonyesha mtendaji, kwenye koti la bluu, analilisha jiwe keki.

Alikuja kwa Sista siku iliyofuata. Nilikuwa pale naazima mwiko. Hakuketi.

"Mama, umenimaliza," alisema. "Nimeitwa mjini. Wanasema nimeikejeli serikali nikiwa mtumishi wake. Mimi nina wazazi nyumbani wananitegemea. Ungeniambia tu, Mama. Ungeniambia ni mzaha, ningekataa."

"Ndiyo maana sikukwambia," Sista alijibu, lakini ule ukali wake haukuwepo. Kijana alipoondoka, Sista aliketi muda mrefu akiangalia mikono yake. Sijawahi kumwona hivyo, kabla wala baada.

Asubuhi iliyofuata Sista alitoka amevaa sare yake nyeupe ya uuguzi, ile ya kazini, na mkanda wake. Ilikuwa imempwaya. Alipanda baiskeli ya kukodi mpaka barabara kuu, akapanda gari na yule kijana kwenda mjini. Yaliyotokea huko alinisimulia mtendaji mwenyewe.

Mkubwa aliyewaita alikuwa amekunja uso. Kabla hajafungua kinywa, Sista alisema, "Baba, kijana huyu nilimdanganya. Alijua anakwenda kwenye maendeleo. Kosa ni langu. Kama ni kuhamishwa, mnihamishe mimi, ingawa sijui mstaafu mtamhamishia wapi."

"Kwa nini uliidhalilisha serikali, Mama?"

"Sikuidhalilisha. Nimefanya kazi kliniki maisha yangu yote. Mtoto asipokua, hatumchapi mtoto. Tunamwita mzazi. Ndiyo nimekuja kumwona mzazi."

Mkubwa hakucheka. Aliwaambia watoke. Lakini barua ya adhabu haikuja, na baada ya miezi michache yakaja malori ya matofali.

Mimi sisemi matofali yaliletwa na Sista. Uchaguzi nao ulikuwa unakaribia tena. Sista mwenyewe alikataa sifa hizo. "Uchaguzi ni dawa nzuri," alituambia. "Shida yake, dozi ni moja kwa miaka mitano, na mgonjwa anatakiwa asubiri."

Wodi ikapanda. Ilijengwa vizuri, tuseme ukweli: msingi mrefu, mabati imara, rangi ya maziwa, vitanda vipya vilivyofungwa kwenye nailoni. Tulipokuja kuanza kuitumia, ikafungwa kwa kufuli. Agizo lilikuwa kwamba asiingie mtu mpaka mgeni rasmi aje kuizindua, na mgeni rasmi ratiba yake ilikuwa imebana. Utepe ulikuwa tayari umefungwa mlangoni. Ufunguo akapewa mtendaji, akaambiwa ukipotea naye apotee.

Wakati huo mimi nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza.

Masika yalikuja kwa hasira mwaka ule. Mume wangu alikuwa amekwama Karonga na mzigo wa maharage, barabara ya kwenda mjini imekatika sehemu mbili. Uchungu ulinianza asubuhi. Mchana Sista alinishika mkono tukavuka maji mpaka zahanati. Kwenye kile chumba cha zamani maji yalikuwa yanafika vifundoni. Muuguzi wa zamu, binti mdogo, alikuwa amepandisha vifaa vyote juu ya meza na yeye mwenyewe amesimama juu ya benchi. Kulia kwetu, juu ya msingi wake mrefu, wodi mpya imekauka, imefungwa, utepe unapepea.

Sista akamwita mtendaji. Alikuja anakimbia, ameloa chapachapa.

"Fungua," Sista alimwambia.

"Mama, nimeagizwa."

"Nami naagizwa. Huyu aliyemo tumboni haelewi ratiba."

"Mara ya kwanza nimeponea chupuchupu. Mara hii watanifukuza kazi kabisa. Mama, mimi siwezi kufungua ule mlango."

Nilikuwa nimeegemea ukuta, na maumivu yalinijia hapo nikapiga kelele ambayo hadi leo naionea haya. Yule kijana alinitazama. Sidhani aliwahi kumwona mwanamke katika hali ile. Akatumbukiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka kwenye benchi miguuni pa yule binti muuguzi. Kisha akatugeuzia mgongo, akawa anaangalia mvua.

"Siwezi kufungua," alirudia, anaiambia mvua. "Na sijaona kitu."

Sista hakukata utepe. Aliuinua kwa mkono mmoja, kwa heshima, tukapita chini yake tukiwa tumeinama. Kitanda kilikuwa bado na nailoni yake, na kila nilipojigeuza kililia kama mtu anayekunjua mifuko. Nakumbuka harufu ya rangi mpya. Nakumbuka mvua juu ya mabati, na sauti ya Sista, ile kali ya zamani, ambayo wanawake wote wa kijiji wanaijua: "Sukuma, mama! Usisubiri mgeni rasmi!" Nikacheka. Nilikuwa katikati ya maumivu makubwa kuliko yote niliyowahi kuyapata, nikacheka, na binti yangu akatoka.

Mvua zilipopungua tulipiga deki wodi nzima. Nailoni zikarudishwa, kufuli likarudi mahali pake. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikuwa hakijui.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akaingia na msafara wake, akapapasa kitanda cha kwanza. Tulikuwa tumejazana madirishani. "Nani atakuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa katika wodi hii ya kisasa?" aliuliza kwa furaha, kama wanavyouliza. Mtendaji aliangalia viatu vyake. Na mwanangu, mgongoni kwangu, akachagua dakika ileile kulia kwa nguvu zake zote.

Mwanamke mmoja akabana kicheko, kikamponyoka. Wa pili akafuata. Ikawa kicheko kimoja tu, dirisha hadi dirisha, na mgeni rasmi anageuka huku na huku anatabasamia asichokijua. Sista akasogea mbele.

"Mheshimiwa, tunakuomba radhi. Yuko mmoja hakuweza kuisubiri ratiba yako. Mlango niliufungua mimi."

Nilimwona mtendaji anafumba macho. Mgeni rasmi alimtazama Sista, akanitazama mimi na mgongo wangu unaopiga kelele. Halafu akanyoosha mikono. "Nipeni huyo mtoto," alisema. Akampakata, wapiga picha wakasogea. Katika hotuba yake, nje kwenye turubai, alisema kwamba kutokana na juhudi zake binafsi huduma zilikuwa zimeanza hata kabla ya uzinduzi, jambo ambalo halijapata kutokea. Tukapiga makofi. Tangu siku hiyo binti yangu anaitwa Uzinduzi, na jina lake la ubatizo analikumbuka mchungaji peke yake.

Sista alirudi nyumbani amenuna. Nilimuuliza kwenye kamba ya nguo anasikitika nini, kila mtu amepona, mtendaji kazi anayo, wodi iko wazi.

"Amenipora," alisema. "Wameninyang'anya vingi watu hawa. Leo amechukua hata kosa langu."

Miaka imepita. Mimi na mume wangu tulihamia Bondeni kwa ajili ya biashara ya mchele, na Sista nikawa namwona mara chache. Mwaka jana nilirudi kijijini kwa ajili ya mavuno nikapita kumsalimia. Amezeeka sasa, anatembea kwa mkongojo na jicho moja lina ukungu. Tulisalimiana, ugonile, ndaga, akaniketisha. Lakini hakuwa na maneno. Nilimsubiri aseme lolote kuhusu tozo, kuhusu kakao na bei yake, kuhusu mabomba ya maji yaliyotandazwa kijiji kizima na yasiyotoa maji.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Wameniweka kwenye kamati," alisema.

Ilikuwa kamati ya mradi wa maji. Wakubwa waliamua mzee anayeheshimika aingie, akakubali akidhani ataisumbua kutokea ndani. Alinieleza kikao cha kwanza kwa sauti ya mtu anayeelezea dalili zake. Chumba kilikuwa na feni. Kiti kilikuwa na mto. Walimwita Mama Mjumbe. Waliwaletea sambusa na chai ya maziwa, na mwishoni bahasha ya nauli, nauli ya kutosha kurudi nyumbani mara nyingi.

"Nilikuwa na maswali yangu," alisema. "Nimekwenda nayo, nimerudi nayo. Kila nilipotaka kunyoosha mkono, nilijikuta nina sambusa. Unafikiri ni mzaha. Mwanangu, nimeogopa. Maisha yote nilidhani wale watu wana roho mbaya. Kumbe ni kile kiti."

Nilitaka kucheka, nikaona machoni mwake hakuna kicheko.

"Kesho kuna mkutano wa hadhara," aliendelea. "Nitakuwa meza kuu. Uje. Uniulize maji yatatoka lini. Uniulize mimi, usimuulize mwenyekiti, wala usinionee huruma."

Nilikuwa sijawahi kusimama kwenye mkutano. Mimi ni mtu wa kusikiliza kutoka upande wa pili wa migomba. Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda, nikakaa katikati ya wanawake kwenye majani, na mbele yetu wajumbe wakaketi nyuma ya meza yenye kitambaa na chupa za maji ya kununua. Sista alikuwa wa mwisho kushoto, mdogo kwenye kiti kikubwa chenye mto. Mwenyekiti wa kamati akazungumza muda mrefu kuhusu mafanikio. Alipouliza kama kuna swali, nilisikia miguu yangu inanyanyuka bila ruhusa.

"Namuuliza Sista," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo. Watu wa nyuma wakaniambia nirudie. "Nauliza, maji yatatoka lini?"

Mwenyekiti akachukua kipaza sauti. "Swali zuri sana. Kama nilivyokwisha kueleza..."

"Ameniuliza mimi, baba," Sista alisema, akanyoosha mkono. Alishikilia meza akasimama. Mkongojo wake ulidondoka, hakuna aliyeuokota. Alitutazama kwa lile jicho lake zima, akalizungusha kwetu sote, kama anayehesabu watoto aliowapokea.

"Sijui," alisema.

Akashusha pumzi.

"Sijui maji yatatoka lini. Na hawa niliokaa nao hawajui. Tumekaa vikao, tumekunywa chai, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza."

Tulikuwa hatujawahi kusikia neno hilo likitoka meza kuu. Watu walitazamana, kana kwamba wanaulizana kama linaruhusiwa. Kisha fundi wa mradi, mtu wa makamo aliyekuwa amekaa pembeni siku zote bila kuulizwa kitu, akainuka polepole akaomba nafasi. Akasema pampu iliyoletwa siyo ya kisima kile. Alishaliona hilo siku ya kwanza. Alimwambia mtu, mtu akamwambia asubiri. Hapo mkutano ulilipuka, kila mtu anasema, mwenyekiti anagonga meza, na fundi, akiwa ameshaanza, hakuweza tena kunyamaza, akawa anaeleza mpaka bei ya vali.

Katikati ya kelele hizo nilimwona Sista akikivuta kiti chake cha mto kutoka meza kuu. Alikiburuta kwenye majani, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, na watu wakawa wanampisha. Akakifikisha niliko mimi, akaketi, akapanga gauni lake. Akaniinamia sikioni.

"Umeuliza kwa sauti ndogo mno," alisema. "Simama tena. Waulize ile pampu ya kisima chetu iko wapi."